P2 haizuii HIV: niliyowaambia vijana wa Kayole Jumamosi

Wale mlikosa kikao cha vijana Jumamosi iliyopita mmenipigia simu na mmeniandikia kwa magrupu ya WhatsApp mkiuliza nilisema nini kuhusu P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba, na HIV, basi haya hapa yote venye niliyasema. Michoro ya ukutani nimeiacha, maneno ni yale yale.

Kayole mpo? Nyuma huko mnanisikia? Haya, sogeeni mbele kidogo, viti viko.

Mimi kazi yangu ni kupima watu. Ni mshauri wa VCT, yaani kituo cha ushauri na kupima HIV, nakaa kwa chumba kidogo chenye meza na viti viwili, mtu anaingia, anafunga mlango, anakaa, na kabla hata sijamsalimia ananiambia "mimi nimekuja tu kuhakikisha." Kila mtu huwa amekuja tu kuhakikisha. Na leo nimekuja kuongea na nyinyi kuhusu masaa. Ndiyo, masaa. Kwa sababu nikiwafikiria wale ambao wametoka kwa hicho chumba wakilia, wengi wao hawakukosa dawa, dawa zilikuwepo, na hawakukosa pesa, huduma zenyewe ni za bure. Walichelewa. Walingoja dalili, wengine walingoja mpenzi aongee kwanza, wengine walikuwa wanangoja Jumatatu.

Nataka mikono. Nani hapa anajua P2?

(Holi nzima iliinua mikono, wasichana kwa wavulana.)

Sawa. Sasa nani anajua PEP? Si PrEP, nimesema PEP.

(Mikono michache sana, na mingine ikashuka nilipowaangalia.)

Mmeona hiyo tofauti? Hapo ndipo penye shida yetu sisi watu wa Nairobi.

Kuna binti mmoja wa kampasi alikuja kwangu siku ya Ijumaa. Jambo lilikuwa limetokea Jumamosi iliyotangulia, kondomu ilipasuka, na jamaa akamwambia usijali. Yeye hakukaa tu. Jumapili asubuhi na mapema alikuwa kwa kemisti, akanunua P2, akameza, akarudi hosteli akalala vizuri. Sasa katikati ya wiki rafiki yake akamwambia mambo fulani kuhusu huyo jamaa na wasichana aliokuwa nao kabla, na ndipo mawazo yakaanza, na ndipo akaja kwangu. Mimi nikahesabu. Siku sita. Nikamuuliza, Jumapili ulipokuwa kwa kemisti, kuna mtu alikuambia kuna dawa nyingine ya HIV ambayo ungeanza siku hiyo hiyo? Akaniangalia tu. Hakuna mtu aliyemwambia. Huyo binti alikuwa na haraka, alikuwa na akili, alikuwa na pesa ya dawa, na kemisti yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwa kituo cha afya ambapo dawa ya pili angepewa bila kulipa hata shilingi.

Sikieni vizuri. P2 inazuia mimba. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, basi, hiyo ndiyo kazi yake. P2 haizuii HIV. P2 haizuii kisonono. P2 haizuii kaswende. P2 haizuii chochote kinachopita kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Na PEP ni dawa za ARV zenyewe, zile wanazomeza watu wenye HIV, unapewa wewe ambaye huna virusi, baada ya hatari kutokea, ili virusi vikiingia visipate nafasi ya kukaa. Ina masharti. Lazima uanze ndani ya masaa 72, na hiyo 72 ndiyo mwisho kabisa, kila saa inayopita inapunguza nguvu yake kwa hivyo usijiambie bado niko na siku mbili. Unapimwa kwanza, halafu unameza kila siku kwa siku 28 bila kuruka, halafu unarudi kupimwa tena. Wengi wanaanza vizuri wakifika siku ya kumi wanaacha kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu hofu imeisha. Hofu ikiisha dawa haijaisha. Maliza.

Sasa kwa nini kila mtu anajua P2 na PEP hatuijui? Mimi naamini ni kwa sababu mimba inaonekana. Mama ataiona, majirani wa ploti wataiona, hata mwenye duka ataiona. HIV haionekani kwa hivyo tunaiwekea siku nyingine. Na hii nawaambia wavulana pia, kwa sababu nyinyi ndio mnatuma pesa ya P2 kwa M-Pesa na mnaona mmemaliza jukumu lenu. Ukimtumia pesa ya P2 jua pia wewe mwenyewe una mahali pa kwenda siku hiyo. Nyinyi wawili mna mahali pa kwenda siku hiyo.

Na kabla sijatoka hapo kwa masaa, kuna jambo moja zito. Kama mtu amekulazimisha, awe mpenzi wako, awe jirani, awe mtu wa familia, nenda hospitali kwanza. Hospitali kwanza, polisi baadaye. Najua unataka kuoga, kila mtu anataka kuoga, lakini ukiweza usioge, na zile nguo ziweke kwa karatasi ya kaki au gazeti, usiweke kwa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Hospitali ya umma itakupa PEP, dawa ya kuzuia mimba, dawa za magonjwa mengine ya zinaa, na itaandika kila kitu kwa fomu ambayo itasimama kortini. Kuna namba ya bure, 1195, inashikwa usiku na mchana. Na wewe mwanaume uliyefanyiwa hivyo, hii ni yako pia. Nimewapokea wanaume. Wanakuja wakiwa wamechelewa kuliko wote, kwa aibu, na inaniuma sana.

Na kama hatari yako ni ya kila mara, yaani unajua maisha yako, unajua mpenzi wako ana mambo mengi au hamjui hali zenu, basi PEP kila mwezi si mpango. Hapo ndipo PrEP inaingia, ile dawa ya kumeza kabla ya hatari. Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2017, ni tembe moja kwa siku, ni bure kwa vituo vya umma, lakini lazima upimwe HIV kwanza, na haikulindi siku ya kwanza, inahitaji angalau siku saba za kumeza mfululizo. Na msichana ukipatikana na chupa ya PrEP usikubali mtu akuite malaya. Unajilinda. Anayekucheka hatakusindikiza kliniki.

Haya, tuende kwa jambo la pili, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Dalili.

Ni wangapi hapa wamesema "mimi siumwi, nipime nini?" Ni wangapi wamemwangalia mtu wakasema "huyu ni msafi, anaonekana tu"?

Hauwezi kuona. Mimi ambaye nimefanya hii kazi siwezi kuona. Mtu aje mnene, aje mwembamba, aje na suti, aje na ngozi inang'aa, mimi siwezi kujua mpaka nimdunge kidole. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa wanawake wengi haina dalili yoyote. Kisonono kwa wanawake mara nyingi hivyo hivyo, hakuna usaha, hakuna maumivu, na huku inapanda polepole mpaka kwa mirija ya uzazi, na miaka inapita, mtu ameolewa anatafuta mtoto anaambiwa mirija imeziba. Kaswende nayo ina ujanja wake, inaanza na kidonda kimoja kisichouma, na kidonda chenyewe kinapona bila dawa, unashukuru Mungu, na kumbe ugonjwa umeingia ndani zaidi na mwanamke akipata mimba unaweza kumuua mtoto tumboni. Na ni ugonjwa wa kupona kabisa kwa sindano ya penisilini! Hiyo ndiyo inaniuma, watu wanaumizwa na kitu ambacho sindano ingemaliza.

Kuna kijana wa boda alianza kuona usaha na kuchomwa akikojoa. Hakwenda kliniki, alienda kwa kemisti ya rafiki akauziwa vidonge vya antibayotiki nusu dozi, vya kumtuliza. Moto ukapungua baada ya siku mbili tatu akaacha vile vilivyobaki. Mpenzi wake hakuwa na dalili kwa hivyo hakuambiwa. Baada ya wiki kadhaa ukarudi, akanunua tena. Ukarudi tena. Alipokuja kwetu alikuwa ameshalipa pesa ambayo ingefanya service ya pikipiki, na swali langu la kwanza lilikuwa, mpenzi wako ametibiwa? Akasema, "yeye yuko sawa, hana kitu." Jamani, alikuwa nayo! Mnatibiwa wawili kwa wakati mmoja, mnakaa bila kufanya mapenzi angalau siku saba baada ya dawa, na mnamaliza dozi. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, zile za kuuziwa mbili mbili kwa karatasi zinakifundisha tu kupigana.

Na wavulana, kumwambia mpenzi "nimepatikana na kitu, nenda upimwe" ni ngumu, najua. Unaweza kuomba kliniki wakupe karatasi ya kumwita, wengi wanazo. Unaweza kuja naye mimi nimwambie. Lakini lazima aambiwe, kwa sababu yeye hatapata dalili ya kumkumbusha.

Jambo moja ambalo wengi hamjui, vituo vingi vya umma vinatibu kwa kuuliza dalili, havina mashine ya kupima klamidia kila siku. Kwa hivyo ukienda ukasema tu "nimekuja kupimwa" unaweza kupimwa HIV peke yake ukatoka ukidhani umepimwa kila kitu. Uliza. Sema "nataka na kaswende, nataka na hepataitisi B, ile ya ini, na kama mna ya kisonono na klamidia nataka." Nyingine utalipia, kwa hivyo uliza bei kabla. Na hepataitisi B ina chanjo, kama haujui kama ulichanjwa ukiwa mtoto uliza na hiyo. Wasichana, HPV, kirusi kinachopita kwa mapenzi, ndiyo inaleta saratani ya mlango wa kizazi, serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka wa 2019 kwa hivyo wengi wenu mlikuwa mmeshapita umri huo, na dawa yenu ni kuangaliwa mlango wa kizazi kuanzia miaka 25. Inachukua dakika chache. Usingoje kuona damu.

Sasa muda wa kupima. Ukifanya mapenzi Jumamosi ukaja kupimwa Jumatatu, kile kipimo cha kidole kitakuambia hali yako ya zamani, kuhusu Jumamosi hakijui chochote. Ni kama kupanda mahindi jana na leo kufukua uone kama yamemea. Mwili unahitaji wiki kadhaa kutengeneza kile ambacho kipimo kinatafuta, kwa hivyo tunasema rudi baada ya miezi mitatu ndiyo jibu liwe la kutegemea. Lakini msinisikie vibaya, Jumatatu bado uje, kwa sababu Jumatatu bado uko ndani ya masaa ya PEP.

Na kile kipimo cha kujipima nyumbani, cha mate, kiko kwa makemisti, ni kizuri kwa wenye aibu ya foleni. Usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla, usipige mswaki nusu saa kabla, pitisha kijiti kwa ufizi juu na chini, soma jibu kuanzia dakika 20 na usipitishe 40. Mstari mmoja kwa herufi C, hakujaonekana virusi. Mistari miwili, hiyo bado si jibu la mwisho, unakuja kituoni tunarudia kwa vipimo vingine. Usijitangazie hukumu ukiwa peke yako usiku. Na mtu anayemeza ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya. Na tafadhali, msiende kutoa damu ndiyo mjue hali yenu. Kuna mgonjwa anangoja hiyo damu.

(Hapo kijana mmoja akauliza: na kama nimetahiri?)

Swali zuri sana hilo. Utafiti uliofanywa Kisumu, na Uganda, na Afrika Kusini, ulionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Inapunguza. Haiondoi. Na mwanamke haimlindi vile inavyokulinda wewe. Utavaa kondomu ukiwa umetahiri.

Kondomu nitapita haraka kwa sababu mnajua, ama mnadhani mnajua. Angalia tarehe. Finya pakiti usikie hewa. Usifungue na meno. Ile umebeba kwa waleti mwezi mzima na unaikalia kwa pikipiki juani, hiyo tupa, joto limeshaimaliza. Vaa kabla ya kugusana kokote, si katikati. Bana ncha hewa itoke. Moja tu, ukivaa mbili zinasuguana zinapasuka. Usipake Vaseline wala mafuta ya kupikia wala losheni, mafuta yanakula mpira, tumia kilainishi cha maji, na kwa wanaofanya kwa njia ya nyuma kilainishi ni lazima. Ukimaliza shika chini utoke ikiwa bado imesimama. Kisonono kinapita kwa mdomo pia, ndiyo, hata huko.

Na mtu akikataa kuvaa, hayo si mazungumzo tena. Hajakubali masharti yako, na wewe hujamkubali. Una haki ya kuvaa nguo zako uende. Kama mlikubaliana kondomu na ameitoa kisiri, hukukubali hicho alichokufanyia.

Mwisho ni majibu. Watu wengi hawaogopi sindano, wanaogopa jibu.

Kulikuwa na wachumba walikuja kwetu kwa sababu kanisa lao liliwaambia walete karatasi kabla ya harusi. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kadhaa. Mwanaume alikuwa amepimwa mwaka uliotangulia akiwa hana virusi, na msichana hakuwahi kupimwa, alikuwa anasema "yeye hana basi mimi sina." Ni wangapi hapa wanaishi kwa kipimo cha mtu mwingine? Nikawapima. Mwanaume hana. Msichana anavyo. Nyinyi mnaitaje hiyo, miujiza? Ni kitu tunaona kila mara, mmoja anaweza kuwa navyo na mwingine asiwe navyo kwa miaka. Walikaa kimya kwa muda mrefu, na mimi nikakaa kimya nao, kwa sababu hapo hakuna cha kuharakisha.

Halafu nikawaeleza. Kwamba dawa anaanza siku hiyo hiyo, tembe moja kwa siku. Kwamba akimeza vizuri, virusi kwa damu vinapungua mpaka mashine haivioni, na vikikaa hivyo havipiti kwa mpenzi wake kwa njia ya mapenzi. Haviendi. Hiyo si maneno ya kumfariji, wachumba maelfu wamefuatiliwa na watafiti na ndivyo ilivyoonekana. Kwamba yeye mwanaume atameza PrEP mpaka virusi vya mkewe vishuke. Kwamba watoto watapata, na mtoto anaweza kuzaliwa bila virusi. Walifunga harusi. Wana mtoto, na mtoto hana.

Mnajua mwaka wa 1999 Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la taifa, mtu akipewa jibu kama hilo alikuwa anaenda nyumbani kujiandaa kufa. Wazazi wenu wanakumbuka, waulizeni walizika wangapi. Hiyo hofu mnayo nyinyi leo mmeirithi kutoka kwao, lakini dawa waliyoikosa wao nyinyi mnayo. Utafiti wa serikali wa 2018 ulionyesha watu 4.9 kwa kila mia wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na HIV, wanawake 6.6 na wanaume 3.1. Hao ni watu tunapanda nao matatu, tunafanya nao kazi, wanalea watoto.

Na sheria iko upande wako. Tangu 2006 kuna sheria ya HIV, mwajiri hawezi kukulazimisha upimwe ndiyo akupe kazi, na mimi siruhusiwi kumwambia mamako wala pasta wako wala bosi. Kile kinasemwa kwa kile chumba kinabaki hapo.

Siwafichi, hali ya vituo imekuwa ngumu tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada. Baadhi ya vituo vya vijana vilifungwa, na wengine mnatumwa foleni ya kawaida pamoja na wenye homa na kikohozi, na hiyo foleni ni ndefu. Simameni kwa hiyo foleni.

Hapo nje kulikuwa na mahema mawili na wengi walipimwa, nawashukuru. Kwa nyinyi mliokosa, kipimo cha HIV ni bure kwa kituo chochote cha afya cha kaunti, na kwa magonjwa ya zinaa kuna ile kliniki ya River Road ambayo watu wa mjini wanaiita Casino, inafanya kazi hiyo miaka mingi na hakuna atakayekushangaa. Hospitali ya Kenyatta ina kituo cha vijana. Na ikitokea usiku au Jumapili wakati vituo vidogo vimefungwa usingoje Jumatatu, nenda kwa kasualti ya hospitali kubwa yoyote ya umma, huwa wazi usiku na mchana. Ukifika kwa dirisha usizunguke na maneno mengi, sema tu "nimekuja kuchukua PEP," na uwaambie ni masaa mangapi yamepita. Na wakikuambia urudi kesho, uliza daktari wa zamu ni nani, ukae hapo mpaka umwone.